Bunia: munganga kati ya jeraha na kisasi

Mtu aliyekatwa panga upande wa Djugu, au aliyepigwa risasi shambani Irumu, hafiki hospitali ya Bunia peke yake. Analetwa juu ya pikipiki, motari mbele, ndugu nyuma amemkumbatia asianguke, na nyuma yao pikipiki nyingine mbili au tatu zimebeba vijana. Mlangoni muuguzi anauliza jina, umri, ameumia saa ngapi, damu imetoka kiasi gani. Uani vijana wanauliza lao: nani amefanya hivi? Maswali hayo yanaanza wakati mmoja, na la uani ndilo linalopata jibu haraka. Mara nyingi jibu ni jina la kabila, hata kama hakuna aliyeona sura ya mtu.

Ni katika masaa hayo inapoamuliwa kama kesho kutakuwa na majeruhi wengine. Watu wengi wakisikia habari ya kuzuia vita wanafikiria FARDC, MONUSCO, gavana, na mikutano ya wakubwa wa jamii ndani ya ukumbi wenye viti vya plastiki na chupa za maji. Hiyo yote ina nafasi yake. Lakini mikutano huitwa baada ya maziko. Wauguzi, madaktari, wakunga na reko wanakuwa ndani ya jambo tangu usiku wa kwanza, glavu mikononi, bila mtu kuwauliza kama waliikubali kazi hiyo ya pili. Raia wa Bunia huwaita wote munganga, awe daktari wa upasuaji au muuguzi wa kituo kidogo cha afya, na katika jambo hili wananchi wana haki: mwenye shahada na asiye nayo wanasimama mbele ya uani ule ule.

Ituri inajua namna kisasi kinavyotembea. Tarehe 31 Agosti 2002 wapiganaji wa UPC na washirika wao walishambulia Songolo, katika teritware ya Irumu. Human Rights Watch iliandika kwamba raia wapatao 140 waliuawa. Tarehe 5 Septemba wanamgambo wa upande mwingine, pamoja na askari wa APC, waliingia Nyankunde. Kwa siku kama kumi watu wasiopungua 1,200 waliuawa kule, na kati yao walikuwemo wagonjwa wa Centre Médical Evangélique, hospitali iliyokuwa ikipokea watu kutoka pembe nyingi za mashariki ya Kongo. Waliuawa vitandani. Wengi waliopona walikimbia kwa miguu kupitia msitu mpaka Oicha. Kazi ya hospitali ilianzishwa tena hapa Bunia, na kijana anayeingia leo kwenye lango la CME na mtoto wake mwenye malaria labda hajui kwamba mizizi ya nyumba hiyo iko Nyankunde.

Kati ya Songolo na Nyankunde zilipita siku tano. (Majina ya makabila ya wauaji na ya waliouawa hayakuandikwa hapa, na hakuna mwana Ituri atakayekosa kuyajua. Yakiandikwa, kuna kambi ambayo watu wake wataacha kusikiliza kwenye mstari huo, na nyingine itaacha kwenye mstari unaofuata.)

Kifo kinaweza kuwasha moto hata bila panga. Wachunguzi walioandika juu ya mauaji yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, International Crisis Group wakiwa kati yao, wanataja kifo cha padri mmoja katikati ya mwaka ule, upande wa Drodro. Jamii aliyotoka iliona kifo kile si cha kawaida. Ugomvi wa mashamba ulikuwepo tayari, mipaka ya zamani ilikuwepo, silaha za vita ya kwanza zilikuwa hazijaisha vijijini, na mtu mwenye akili hasemi kwamba kifo cha padri mmoja ndicho kilichozaa vita. Hata hivyo swali la "amekufa na nini?" likikosa jibu ambalo pande zote zinaliamini, wapo watu wanaojua kulijaza, na hao hawachelewi.

Hapo kazi ya munganga inaonekana wazi kuliko mahali pengine. Mgonjwa wa sukari akianguka na kufa ghafla, kartie nzima inasema sumu. Mama akitokwa damu baada ya kuzaa, wanaulizana ni nani alimletea chakula. Kijana mwenye ugonjwa wa ini akivimba tumbo na kufa, jina la jirani linatajwa kabla maiti haijaoshwa. Daktari naye anapita kwenye korido, anasema kwa Kifaransa "arrêt cardio-respiratoire", anatia sahihi, anaenda kwa mgonjwa mwingine. Maana yake moyo na pumzi vimesimama. Kila maiti moyo wake umesimama! Kwa familia, hilo si jibu, na wengine wanalisikia kama njia ya kuficha kitu.

Daktari mwingine anafanya tofauti. Anawaita mjomba mkubwa, mama wa marehemu na mtu mmoja ambaye vijana wa uani wanamsikiliza. Anawakalisha. Anasema kwa Kiswahili, au anamtafuta muuguzi anayesema lugha yao, kwamba ugonjwa ulianza hapa, ukafika hapa, tulijaribu hivi, na ndiyo maana amekufa. Anaacha waulize, hata swali la sumu, na analijibu bila kucheka. Haichukui nusu saa. Ikiwa ni jeraha la panga au risasi, anasema ni panga au risasi, hafichi. Lakini hasemi panga la nani, kwa sababu hakuwepo. Muuguzi anayesema "hawa watu wa upande ule wametuzoea" huku akifunga kidonda ametoka kwenye kazi yake, na maneno yake yatafika uani kabla ya bandeji kuisha, tena yakiwa na uzito wa hospitali.

Kuna jambo la simu. Picha za majeruhi na za maiti zinapigwa ndani ya hospitali, wakati mwingine na ndugu, wakati mwingine na mtu wa kazi, na baada ya saa moja ziko kwenye vikundi vya WhatsApp na maandishi chini yake yanayotaja kabila. Siku nyingine picha ni ya zamani, au ya nchi nyingine. Sheria ya adhabu ya Kongo inamkataza munganga kutoa siri ya mgonjwa, na picha ya mtu aliyelala kitandani akiwa amekatwa mikono ni siri hiyo hiyo. Mkubwa wa hospitali anayeweka sanduku la simu mlangoni mwa chumba cha dharura hafanyi ukali wa bure. Na wodi ina sababu nyingine ya kunyamaza: katika Bunia vitanda viwili vinavyofuatana vinaweza kubeba watu wa pande mbili za shambulio moja. Jina la mgonjwa likitajwa kwenye simu, anayelinda mlango usiku ni mzee mmoja mwenye tochi.

Mambo haya yana watu waliokwisha kuyafikiria mbali na hapa. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba jeuri kati ya watu ni tatizo la afya ya umma, kama vile magonjwa. Mmarekani Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya kuambukiza, alifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Somalia wakati wa kipindupindu, na baadaye Uganda kwenye mapambano ya UKIMWI. Aliporudi Chicago katika miaka ya 1990 alitazama ramani za mauaji ya bunduki akaona zinafanana na ramani za kipindupindu: kisa kimoja kinazaa vingine karibu yake. Kuanzia mwaka 2000 programu yake ilichukua watu wa mitaa yenyewe, wale ambao vijana wanawaheshimu, ikawapa kazi ya kumfikia aliyeumizwa na ndugu zake mapema, kabla hawajatoka kwenda kulipiza.

Mtu wa Ituri akisikia hivyo hashangai sana. Wazee wamefanya hivyo siku zote, na wamama wa matanga pia. Tena kila eneo la afya lina reko wake, wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari la chanjo na la vyandarua. Reko anajua nyumba gani mtoto anaharisha. Anajua pia nyumba gani imepoteza mtu wiki hii, kijana gani ameacha kulala nyumbani, na baba gani anampiga mama tangu walipofika kambini na kukosa shamba. Ndani ya kambi kama Kigonze, ambapo hema moja liko hatua chache na hema lingine, hakuna linalofichika kwa reko. Anachokosa ni mahali pa kulipeleka analolijua. Kwa kuhara ana njia: muuguzi mkuu wa kituo, kisha zoni ya afya. Kwa kijana aliyeacha kulala nyumbani hana njia, na akimwendea mtu asiyefaa, anaweza kuitwa mpelelezi. Hapa panahitaji ukali: reko asitumiwe kamwe kupeleka majina ya watu kwa wenye silaha wa upande wowote, hata wale wenye kofia ya serikali. Siku atakapoonekana akifanya hivyo, hata chanjo ya surua haitaingia tena kwenye nyumba zile.

Kipindi cha Ebola kilifundisha hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 watu wa Kivu Kaskazini na Ituri waliona misafara ya magari, mara nyingi na askari pembeni, ikija kuwaambia wasiguse maiti zao. Wengi walichukua habari ya ugonjwa na habari ya askari kuwa habari moja. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, teritware ya Mambasa, alikuwa akiwaelimisha wasikilizaji wake kuhusu Ebola. Aliuawa nyumbani kwake usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, na mke wake akajeruhiwa. Mwishoni mwa mwezi ule ule watu wa kazi ya Ebola waliuawa Biakato. Mahamba hakuwa mgeni wa kutoka Kinshasa wala Geneva. Sauti yake ilijulikana na kila mwenye redio pale Lwemba, na hilo halikumlinda.

Huko Cardiff, mji wa Wales, daktari wa upasuaji wa mdomo na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba majeruhi wengi wa ugomvi waliofika hospitali hawakujulikana na polisi. Akaanzisha kazi ndogo: mpokeaji wa wagonjwa anaandika mahali pa ugomvi, saa na kilichotumika, bila jina, na orodha inapelekwa kwa wakubwa wa mji na polisi. Mji ukajua baa gani na barabara gani zinaumiza watu, ukabadilisha mambo pale, na majeruhi wakapungua.

Hesabu ya namna hiyo ingefaa sana hapa. Daftari la dharura la Bunia lina jina, umri, ugonjwa na dawa. Likiongezwa mahali, saa na kilichotumika, baada ya miezi michache mtu angeona kama majeraha ya siku ya soko yanatoka kwenye wauza pombe kali, kama wanawake wanavamiwa kwenye njia ile ile ya kuni, kama motari wanakatwa kwenye daraja lile lile. Mwanamke wa kambi anaijua njia hiyo ya kuni kwa jina. Daftari lingelisema mbele ya wale wasiomwamini mwanamke wa kambi. Lakini Ituri si Wales. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na mgonjwa akihisi kwamba daftari la hospitali linasomwa kambini mwa askari, atabaki porini na risasi mguuni mpaka mguu uoze. Kwa hiyo majina yasitoke. Hesabu zipite kwa zoni ya afya, zikusanywe kwa mwezi, si kwa siku, na zifike kwa kamati za kartie na za kambi pamoja na mamlaka, siyo kwa mamlaka peke yake.

Kuna mahali ambapo madaktari wa Kongo walihesabu na jambo likabadilika. Kuanzia mwaka 2013 watoto wa kike wadogo sana kutoka Kavumu, Kivu Kusini, walikuwa wakifikishwa hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, wameibwa usiku na kuharibiwa. Mtoto mmoja mmoja, kila kisa kingeweza kubaki msiba wa nyumba moja. Madaktari waliona kwamba wanatoka mahali pamoja na kwa namna moja, wakatunza vyeti na picha za kitabibu kwa utaratibu, na pamoja na wazazi, mashirika na wanasheria wakasukuma mpaka mahakama ya kijeshi ikaja kukaa Kavumu kwenyewe. Tarehe 13 Desemba 2017 wanaume 11 walihukumiwa kifungo cha maisha, mmoja wao akiwa mbunge wa jimbo aliyeongoza kundi lenye silaha. Ilichukua miaka, na watoto zaidi ya 40 walikuwa wamekwisha kuumizwa. Lakini vyeti visingekuwepo, kesi isingesimama.

Bunia nayo ina historia yake kwenye jambo hili. Mwaka 2003, mji ukiwa umegawanyika, MSF ilifungua hospitali ya Bon Marché, na kwa miaka iliyofuata watu zaidi ya 7,000 walitibiwa pale baada ya kubakwa. SOFEPADI, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 na Julienne Lusenge, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa uandishi wa habari wa redio, lina kituo cha matibabu hapa mjini kinachoitwa Karibuni wa Mama. Watu wa kambini wanaambiwa mara nyingi habari ya masaa 72, lakini wengi bado wanasikia namba tu. Ni hivi: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinafaa zikianza ndani ya siku tatu, na mapema ni bora. Mwanamke, mtoto au mwanaume aliyeumizwa hivyo anaenda kutibiwa kwanza, na hatakiwi kuleta karatasi ya polisi ndipo apokewe. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au jaji amwite daktari na mtaalamu wa saikolojia, kwa hiyo cheti kilichoandikwa siku ya kwanza kinaweza kungoja mpaka familia iwe tayari kushtaki. Hata akija baada ya siku tatu, asirudi nyumbani bila kuonwa.

Wanaofanya kazi hizi wenyewe wanakufa. Tarehe 26 Aprili 2001 watu sita wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa waliuawa kwenye barabara upande wa Fataki; wanne walikuwa Wakongo. Mwezi wa Machi 2024 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Drodro usiku, wakaiba, na mgonjwa mmoja akauawa kitandani kwake. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, hospitali ya Fataki ilisimamisha kazi kwa sababu ya vitisho na wagonjwa wakahamishwa. Ndiyo maana wanaosema kwamba wauguzi wakiheshimiwa na jamii basi hawataguswa wanasema nusu tu ya kweli. Heshima inasaidia, na mzee wa lokalite akisema "hospitali hii ni ya wote" maneno yake yana nguvu. Anayetakiwa kuzuia bunduki isiingie wodini ni serikali, na kazi hiyo asipewe mkunga.

Mkunga huyo, kwa kuongeza, huenda hajapokea mshahara. Wapo wengi katika vituo vya afya vya Kongo ambao serikali bado haijawaingiza kwenye orodha ya malipo, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Mgonjwa mwenyewe amekimbia na godoro moja. Kumwomba mtu huyo awe pia mpatanishi, mwandishi wa hesabu na shahidi wa mahakama, bila hata usafiri wa usiku wa kurudi Mudzipela au Dele, ni kumwomba mengi, na mashirika yanayoleta semina za siku tatu yangefanya vizuri kuanza na hilo.

Wakati hayo yanangojwa, kuna kitu ambacho familia zinaweza kufanya uani. Zichague mtu mmoja wa kuongea na daktari, mtu mzima ambaye vijana watamsikia akitoka nje na jibu. Simu zibaki mifukoni. Kama mgonjwa amekufa, familia iombe karatasi ya sababu ya kifo siku ile ile, kabla ya matanga kuanza, na kwa kuwa itakuwa imeandikwa kwa Kifaransa, aliyeiandika aisome kwa Kiswahili mbele ya wazee, neno kwa neno, na asubiri maswali.